Waya wa Tatu

Jairus Khisa hakuwa na cheti cha ufundi. Hakuwa na kibanda chake. Alifanyia kazi kwenye baraza ya duka la Adow mjini Kitale, na meza yake ilikuwa mlango mkuukuu uliolazwa juu ya kreti za soda. Hakuwa na leseni. Hakuwa na kaka wala baba mdogo wa kumsemea watu wanapokaa kikao. Zaidi ya yote, hakuwa na ng'ombe wa mwisho wa mahari ya Phelista, yule ambaye angemfungulia mlango wa nyumba ya mama mkwe wake. Kwa hiyo, tangu amuoe Phelista hadi binti yao Ivy akaingia sekondari, hakuwahi kuliona jiko alimolelewa mkewe.

Alichokuwa nacho ni kazi ya mikono. Kitu chochote kinachopata moto kwa stima alikifungua, akakitazama, akakirudisha kikiwa kizima. Pasi, majiko ya koili, mabirika. Kulikuwa na mafundi mjini waliomfungia mtu koili mpya kwa waya mbili, wakapokea chao na kumwambia aende. Jairus hakufunga hivyo, hata mteja alalamike namna gani.

Siku Phelista aliporudi kutoka Bungoma na birika la mama yake kwenye kikapu, hata nyumbani hakupita. Alikwenda moja kwa moja barazani.

"Baba Ivy, mama anasema vidole vimekataa kabisa," alisema. "Kuni hawezi kupasua. Asubuhi lazima atie mikono kwa maji moto ndiyo iamke. Na hii birika imekufa."

Lilikuwa birika kubwa la chuma lenye mkono wa chuma, ambalo akina mama wa kanisa walimpa mama mkwe wake, Nakhungu, alipostaafu uweka hazina wao. Jairus alifungua kitako chake. Koili ilikuwa imepasuka, na waya uliokuja nalo ulikuwa wa nyuzi mbili. Parafujo ya waya wa ardhi ilikuwa tupu, imeota kutu.

"Fundi gani alifunga hii?"

"Sijui. Wa huko sokoni."

Adow, mwenye duka, alikuwa mlangoni akipiga mswaki wake wa mti. Alicheka. "Sasa leo utafanya kazi sawasawa. Ukiharibu pasi ya Mkamba, anakutukana, basi. Ukiharibu birika la mama mkwe, utalala wapi?"

"Nitalala kwako."

"Kwangu kuna watoto saba, bana. Utalala na mbuzi."

Jairus alichagua koili nzito kuliko zote dukani, ya shaba nyekundu, na waya mpya wa nyuzi tatu. Phelista aliangalia bei ikipanda, akauliza kwa sauti ya chini kama ule wa tatu hauwezi kuachwa, maana birika limekuwa likichemka miaka yote bila huo.

"Huu si wa kuchemsha," Jairus alimwambia. "Huu ni wa mama. Hizi mbili ni njia ya stima, moja inaleta, moja inarudisha. Wa tatu unafungwa kwa mwili wa birika. Siku koili ikipasuka, stima ishike njia ya ardhini, isipite kwa mkono wa mtu."

"Basi funga."

Akafunga. Alisugua kutu kwenye parafujo mpaka chuma kikang'aa, akakaza, akavuta waya kuona kama utalegea. Akaweka plagi ya miguu mitatu. Akachemsha maji hapo hapo barazani, akagusa birika kwa tesita, bisibisi ndogo ya kupimia stima, halafu kwa kiganja chake wazi. Phelista naye akaligusa. Hata Adow akaja akaligusa, akasema sasa wamwalike kunywa chai.

*

Nyumba ya Nakhungu iko nyuma ya Kanduyi, pembeni mwa mji wa Bungoma. Jairus aliamua kulipeleka birika mwenyewe, akiwa na Ivy, kwa sababu kazi kama hiyo hupelekwa na mwenyewe.

Kwao mkwe hampi mama mkwe wake mkono, haingii jikoni mwake, wala hawatazamani usoni. Jairus aliketi kwenye kiti kilichowekwa chini ya upenu wa nyumba kubwa. Nakhungu alisimama nyuma ya mlango wa jikoni ulioachwa wazi kidogo, leso kichwani, na Ivy akawa katikati, akipeleka maneno ambayo wote wawili waliyasikia vizuri bila yeye.

"Mwambie baba yako amefanya kazi."

"Nyanya anasema umefanya kazi."

"Mwambie asiwashe likiwa halina maji."

"Nyanya, anasema—"

"Nimesikia. Mwambie mimi si mtoto. Na umwambie amekonda. Huyo mama yako anampikia nini huko Kitale, ama ni simu tu?"

Ivy alicheka mpaka akakaa chini. Jairus alitazama viatu vyake akitabasamu. Walikuwa wamezungumza hivyo miaka yote, yeye na yule mama, na hakuna mtu upande ule wa familia aliyempenda kumshinda. Angeweza kuitambua sauti yake sokoni. Uso wake aliujua kwa picha.

"Muulize nyanya soketi ya huko ndani ina matundu mangapi."

"Anasema matatu. Anasema mjomba ndiye aliifunga."

Mjomba alikuwa Absalom, kaka mkubwa wa Phelista, karani katika ofisi moja mjini. Naye aliingia uani wakati huo huo, tai shingoni, akisukuma pikipiki iliyozimika.

"Nani anauliza soketi yangu?"

"Si kwa ubaya, shemeji," Jairus alisema. Aliinuka. Tesita ilikuwa mfukoni mwa shati lake, kichwa chake chekundu kikionekana. "Hili birika sasa lina waya tatu. Nilitaka tu kujua ardhi ya hapo imefungwa namna gani. Hata ukiniletea stima hapa nje kwa waya mrefu, nitaona."

Absalom aliegesha pikipiki. Wanawake waliokuwa wakipepeta maharagwe waliacha kupepeta.

"Hiyo soketi ni mimi nilitoa laini kutoka nyumba kubwa, nikafunga kwa mkono wangu. Imechemsha maji ya mama kila siku. Haijawahi kumfinya hata mara moja. Ama ni nini, shemeji? Unataka kuingia jikoni ya mama kupitia stima, na ng'ombe yetu bado inachungwa Kitale?"

Wanawake walicheka. Haikuwa dhihaka kali; ndivyo mashemeji wanavyotaniana. Hata nyuma ya mlango Nakhungu alicheka kidogo kabla ya kusema, "Absalom, wacha mkwe wangu."

Jairus alicheka pia. Aliketi. Alifikiri kumpa Ivy ile tesita aingie nayo, akaona si kitu cha kumpa mtoto. Alifikiri kuuliza mara ya pili. Lakini kuuliza mara ya pili kungekuwa kusema kwamba shemeji yake hajui kazi, mbele ya mama yake na mbele ya majirani, na wa kusema hayo ni mtu aliyemaliza mahari. Akaletewa kuku na ugali, akala, akaaga. Ivy alibeba birika ndani.

*

Absalom alipiga simu asubuhi ya kesho yake. Jairus alikuwa anavaa. Alimwona Phelista akisikiliza, simu sikioni, kisha akakaa kitandani upande ambao ulikuwa bado haujatandikwa.

"Mama," alisema.

Jirani alikuwa ameingia kuomba chumvi, akamkuta Nakhungu chini, maji yamemwagika, mkono wake umeshika mkono wa birika. Jirani naye angekufa kama hangekumbuka kuipiga plagi kwa ufagio.

Jairus alianza kusema kitu juu ya koili, kwamba ilikuwa mpya, kwamba aliigusa kwa mkono. Phelista alimtazama kana kwamba anazungumza lugha ya watu wengine, na yeye akamalizia kuvaa.

Langoni kwa Nakhungu walipokelewa na Mzee Kizito, baba mdogo wa Phelista. Alimkumbatia Phelista, akampitisha. Kisha akaweka fimbo yake mbele ya Jairus, taratibu, kama mtu anayezuia mbuzi.

"Mkwe, wewe kaa hapo kwanza."

Akakaa hapo. Siku zote za matanga alikaa kwenye benchi la vijana waliokodishwa kuleta hema na viti, nje ya ua. Watu waliomjua walipita wakitazama mbele. Wasichana wa kugawa chai walikuja mpaka kwa kijana aliyekuwa kando yake, wakageuka na birauli. Mmoja wa wale vijana, ambaye hakujua lolote, alimpa kikombe chake na kumuuliza, "Mzee, wewe ni wa hema ama wa mziki?"

"Wa hema," Jairus alisema.

Wakati wa kumwaga udongo hakuitwa. Alisimama kwenye ua wa jirani akamwona Phelista akishikwa mabega na wanawake. Alitaka kumwona Nakhungu mara moja tu, uso kwa uso, na sasa ambapo hakuna haya iliyobaki kati yao, hapakuwa na wa kumwambia kwamba anaweza.

*

Asubuhi iliyofuata maziko, Phelista alizunguka nyuma ya ua alikokuwa ameketi mumewe. Alikuwa ameficha kitu ndani ya leso.

"Nimeifungua," alisema. "Nilizima kwa mita kwanza, usinitazame hivyo. Si nimekaa na wewe miaka hii yote?"

Ilikuwa soketi ya jikoni. Jairus aliigeuza. Hakuhitaji muda mrefu. Kutoka nyumba kubwa Absalom alikuwa amevuta waya mbili tu, zote za rangi moja. Hakuwa na wa ardhi. Ili lile tundu la tatu lisikae bure, alikuwa amekata kipande kifupi cha waya akakiunganisha na tundu la njia ya kurudi, kama wanavyofanya wengi. Ila kwa kuwa waya zilikuwa za rangi moja, alizibadilisha bila kujua. Kifo chenyewe kilionyesha kwamba njia aliyodhani ni ya kurudi ndiyo iliyoleta moto, stima yenyewe.

"Nieleze," Phelista alisema.

"Tundu la ardhi lilikuwa na moto. Siku zote."

"Na mbona hakuwa anapigwa?"

"Lile birika lilikuwa na waya mbili. Hakuna kitu kilichofika kwa tundu hilo." Aliigeuza soketi tena kiganjani. "Mimi ndiye nilipeleka wa tatu. Nikaufunga kwa mwili wa birika. Nikaukaza."

Phelista alitazama kile kipande cha waya, kifupi kama kiganja cha mtoto.

"Kwa hivyo ungefunga vibaya, kama yule wa sokoni..."

"Angekuwa hai."

Kutoka uani ilisikika sauti ya Absalom akigombana na wenye viti juu ya kiti kilichovunjika. Phelista alifunga soketi tena ndani ya leso.

"Hajui," alisema. "Nilimwona juzi usiku. Anajigonga kichwa kwa ukuta, anasema angekataa hiyo birika langoni. Sasa nimwambie ni yeye? Nimwambie alimuua mama kwa mkono wake? Baba Ivy, Absalom akivunjika hii nyumba imekwisha. Watoto wake watano, wangu mmoja, huyu mzee, wote wanamtegemea yeye."

"Na mimi?"

Alikaza fundo la leso. Baadaye alisema, "Wewe unaweza kuvumilia." Alilisema kwa upole, kama mtu anayesifu.

*

Kikao kilikaa mchana huo. Jairus aliruhusiwa kuingia uani, akapewa kigoda, peke yake, upande wa jua. Upande wake hapakuwa na mtu. Phelista aliketi na wanawake.

Mzee Kizito alisema hawakuja kutupiana mawe. Mtu amekufa kwa kazi ya mkono wa mtu, na mkono huo wanaujua. Wapo waliotaka kwenda polisi. Yeye amewazuia, kwa ajili ya Ivy.

"Una leseni ya hiyo kazi?" Absalom aliuliza. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Sina."

"Cheti?"

"Sina, shemeji."

"Usiniite shemeji."

Jairus aliangalia mikono yake. "Birika nililijaribu. Mke wangu alikuwepo, aliligusa. Nilikuuliza juu ya soketi—"

"Mnamsikia?" Absalom aligeukia watu. Hakupandisha sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Udongo ya mama bado ni mbichi, na huyu anatafuta soketi. Soketi imekuwa hapo miaka mingapi? Birika yako imekaa usiku moja."

Watu waliguna. Hesabu ilikuwa wazi kwa kila mtu. Jairus alimtazama Phelista. Alikuwa ameinamisha kichwa, akikunja na kukunjua pindo la leso ile ile. Jairus alingoja. Mwanamke mmoja alikohoa, kuku akapita katikati ya kikao, na Phelista hakuinua uso.

"Sina neno," Jairus alisema.

Kizito ndiye aliyetoa uamuzi. Jairus aandike barua kwa mkono wake na kuitia sahihi, kwamba alifanya kazi asiyo na ruhusa ya kuifanya, na kwamba kazi hiyo ndiyo iliyomuua Nakhungu binti wa watu. Familia itaiweka. Siku akijaribu kusema vingine, au kudai mke, barua itajua pa kwenda. Phelista na Ivy watakaa hapa mpaka barua ifike. Yatakayofuata yatazungumzwa ikishafika.

"Na uandike vizuri," mzee aliongeza, bila ubaya. "Watu watasoma."

*

Habari ilifika Kitale kabla yake. Wateja walikuja kuchukua pasi zao, hata zile ambazo hazijatengenezwa. Mama mmoja alimwomba samahani huku akiivuta yake kutoka mikononi mwake. Adow alivumilia siku kadhaa, kisha akamletea chai, akakaa naye kwenye kreti.

"Ndugu yangu, mimi nakujua. Lile birika nililigusa na mkono huu."

"Ndiyo."

"Lakini watu wanauliza kama koili ilitoka kwangu. Ilitoka kwangu, nitasema nini?" Alipangusa jasho. "Hiyo meza, kama ungeipeleka upande wa stendi kidogo. Kwa muda."

"Nitaipeleka."

"Na hiyo barua usiandike. Wallahi. Ukiiandika umejifunga kamba, na ncha umewapa wao. Hata siku moja hutafanya kazi ya stima tena hapa, wala Bungoma, wala Kimilili."

"Nisipoandika?"

Adow alitazama barabara. Aliinuka akarudi dukani, na vikombe akaviacha.

Jioni Jairus alimpigia Phelista. Alisikia watoto nyuma yake na mlio wa mtu anayetwanga.

"Ivy anaendeleaje?"

"Amepata shule hapa. Absalom alizungumza na mwalimu mkuu. Amemnunulia yunifomu."

"Amemnunulia." Jairus alihamishia simu sikio lingine. "Nikituma hiyo barua, utarudi?"

"Baba Ivy."

"Nauliza tu."

"Tuma kwanza," Phelista alisema. Sauti yake ilikuwa imechoka, ikimtakia mema. "Umekula?"

Alisema amekula.

Aliandika mezani pake nyumbani, kwenye karatasi ya mistari, kwa herufi kubwa za mtu aliyeacha shule mapema na hataki mtu ajue. Aliandika jina lake lote. Aliandika kwamba hana cheti wala leseni. Aliandika kwamba yeye, si mtu mwingine, alifunga koili na waya wa birika la marehemu mama mkwe wake, na kwamba marehemu alikufa kwa kazi hiyo. Juu ya soketi hakuandika kitu. Alipofika mwisho aliona kila alichoandika ni kweli, na kwamba barua yote ni uongo, akatafuta mahali pa kusahihisha asipaone. Chini kabisa aliongeza mstari ambao hakuna aliyeuagiza: "Nilitaka kuuliza mara ya pili, nikaona haya." Akaufikiria. Akauacha. Akatia sahihi.

Asubuhi alinunua bahasha. Alilamba gundi, akaikandamiza kwa kidole gumba kutoka pembe moja hadi nyingine, akarudia, mpaka akahakikisha haitafunguka njiani. Akaandika jina la Mzee Kizito, Kanduyi, Bungoma, na nambari ya simu ya Absalom, kwa kuwa mzee hana simu.

Kwenye ofisi ya mizigo palikuwa na foleni fupi. Msichana wa dirishani, kadi yake kifuani ikisema Jerono, aliipima bahasha kwa mkono.

"Ni nini ndani?"

"Barua."

"Si kuna simu siku hizi, mzee?"

"Wanataka barua."

"Thamani yake naandika ngapi? Ikipotea ndiyo mlipwe."

Jairus alifikiri. Nyuma yake mtu mwenye gunia la vitunguu alimsogelea akimsukuma kidogo.

"Ikipotea," alisema, "nitaandika nyingine."

Msichana alichora mstari mahali pa thamani, akagonga muhuri, akaitupa bahasha kwenye gunia la Bungoma, juu ya spea za baiskeli na maboksi ya vifaranga. Kijana wa mizigo alifunga mdomo wa gunia kwa kamba, akalibeba begani, akatoka nalo nje.

"Anayefuata," Jerono alisema.